Aliyegonga Misiera

Nimeombwa niseme, na nitasema nikiwa nimekaa. Nikisimama na kuongea muda mrefu pumzi hunikatika, na sitaki mnihurumie kabla hamjanisikia. Naona hapa kuna polisi wa barabarani, kuna wa upelelezi, kuna zimamoto kama mimi. Najua wapo walioletwa kwa amri. Msione haya. Mimi pia mara ya kwanza nililetwa kwa amri.

Naitwa Penina. Nilizaliwa kambini, kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa koplo wa polisi, Mnyankore, na mama yangu alitoka Soroti. Walikutana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na sisi watoto tukakijua kabla ya lugha nyingine yoyote. Tulilelewa katika vile vijumba vya mabati tunavyoviita "mama ingia pole", kwa sababu usipoinama mlangoni unaacha ngozi ya paji la uso pale. Baba alipofariki nikavaa sare pale yeye alipoiachia. Nikachagua zimamoto, na nikapangiwa Mbarara.

Nilikuwa na afya, jamani. Niliweza kubeba mpira wa maji uliojaa begani na kukimbia nao ghorofa mbili. Nilikula sahani ya karo, ule ugali wetu wa ulezi, nikamaliza na kuongeza. Wenzangu waliniita Pua. Gari letu likiwa bado njiani, mimi nilikuwa nishajua kinachoungua ni mpira, ni nyaya za umeme au ni majani. Sikuwahi kukosea. Nilikuwa na binti, Ruth, wa miaka mitano. Baba yake alishaoa kwingine, na hilo nilikuwa nimemaliza kulililia.

Sasa nitawaambia habari ya Misiera.

Kilikuwa kiangazi, saa tano asubuhi. Simu ilitoka kituo kidogo cha polisi cha Nakivale, kule kwenye makazi ya wakimbizi, kwamba maduka yanaungua. Kutoka Mbarara mpaka kule ni zaidi ya saa nzima, na sehemu kubwa ni vumbi. Wasswa, dereva wetu, aliendesha mpaka meno yakagongana. Tukiwa bado mbali niliuona moshi. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Moshi ulikuwa umesimama wima juu ya vilima, mweusi, kama nguzo.

Misiera ni kijiji cha biashara ndani ya makazi yale. Maduka yamepangana, ya mbao na udongo na mabati na maturubai, hili limeegemea lile. Tulipofika matatu yalikuwa yameshalala chini. Watu walikuwa wamepanga mstari, wanapokezana mabeseni na jerikeni za maji. Na hapo kitu kimoja kilinishtua. Walikuwa watu mamia, wanaume, wanawake, watoto, na hakuna aliyepiga kelele. Nimekwenda kwenye mioto mingi. Watu hulia, huita majina, hutukana zimamoto kwa kuchelewa. Wale walikuwa kimya. Walikuwa wameinamisha vichwa kidogo, kama watu wanaosikiliza kitu.

Sisi tulikuwa watano na vipumulio viwili. Kimoja kilikuwa na mtungi wa hewa usiojaa. Aliyevaa alivaa, mimi nikalowesha kitambaa nikafunga mdomo na pua, nikazunguka nyuma ya duka la magodoro na shoka langu kukata moto usivuke. Godoro likiungua hutoa moshi mzito wenye utamu mbaya, unakaa nyuma ya ulimi. Niliumeza ule moshi. Nilijua kuwa ni sumu na niliumeza, kwa sababu kazi ndiyo hiyo.

Nikiwa pale nyuma, nikasikia mtu anagonga.

Ngo, ngo, ngo. Kutoka ndani, kwenye bati, chini kidogo ya kiuno changu. Kukawa kimya. Halafu tena, ngo, ngo, ngo.

Mimi nikageuza shoka, nikagonga kwa mpini. Mara mbili.

Bati likajibu. Mara mbili.

"Afande!" nilipiga kelele. "Kuna mtu ndani! Anagonga!"

Mkuu wetu siku hiyo alikuwa Sajenti Okello, mtu mrefu asiyependa maneno. Alikuja mbio, akatazama juu, akaona kile ambacho mimi sikukiona. "Penina, toka hapo! Paa nakuja chini!"

"Kuna mtu, afande, ananijibu!"

"Toka, nimesema!"

Nikainua shoka. Alinishika mkanda kwa nyuma, akanivuta kama mtu anavyovuta mbuzi, tukaanguka wote wawili. Paa likashuka. Cheche ziliruka juu, zikatanda, kisha zikaanza kutushukia polepole mabegani. Nilikaa chini nikasikiliza. Hakuna kilichogonga tena.

Moto ulipozimika tulichakura majivu kwa majembe mpaka alasiri. Mimi ndiye niliyekataa kuacha. Ninajua mwili wa mtu unavyobaki; hauishi wote. Tukapata vitanda vya chuma, makopo, kufuli, sufuria. Mfupa hata mmoja hatukupata. Polisi wa kituo wakapita nyumba kwa nyumba na viongozi wa kijiji, wakahesabu watu. Wote walikuwapo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepotea. Tulipaswa kushangilia.

"Ni bati tu," Okello akaniambia tukipanda gari. "Bati ikipata moto inalia."

Bati hulia, najua. Lakini lini bati lilimjibu mtu?

Jioni ile nilikohoa makohozi meusi kama wino. Sauti ilinikauka siku nne. Kifua kilikuwa kama kimefungwa kamba. Nilipewa dawa ya maji ya kikohozi kwenye zahanati, nikanywa, nikarudi kazini. Hakuna aliyeniuliza zaidi, na mimi sikusema zaidi.

Wiki ya tatu harufu ilianza. Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa, na chai ikanuka godoro linaloungua. Nikaimwaga. Nikasuka nywele za Ruth, nywele zikanuka vilevile. Kazini nikasimama ghafla, nikasema, "Kuna kitu kinaungua." Wenzangu waliiamini pua yangu. Wakatafuta kituo kizima, jikoni, stoo, chini ya magari. Hakuna kitu. Siku nyingine nikasema tena, wakatafuta tena. Mara ya tatu walitazamana, hakuna aliyeinuka.

Kisha mgongaji akaja nyumbani.

Mnajua vijumba vya bati mchana wa kiangazi vinavyolia, kwa joto. Nimekua na mlio ule, haunitishi. Huu ulikuwa mwingine. Ulihesabu. Saa saba mchana, nyuma ya kitanda, ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba. Ardhi nyeupe, jua la utosi, hakuna mtu, hakuna hata kivuli. Nikaweka kiganja kwenye bati likaniunguza. Nikarudi ndani, nikasikia tena, chini kidogo ya kiuno changu, palepale.

Ukanifuata. Niliusikia ndani ya tangi la gari letu. Niliusikia kanisani, chini ya benchi, mchungaji akiwa anahubiri. Nilijizuia kujibu. Siku moja nikashindwa, nikagonga ukuta wangu mara mbili kwa kifundo cha kidole. Bati likajibu mara mbili. Mkojo ulinitoka nikiwa nimesimama, mtu mzima, ukashuka mpaka kwenye viatu vya kazi.

Mwili nao ukaanza kuniacha. Siku zangu za mwezi zilikatika miezi minne. Nywele zilitoka na kitana. Nyama ya kuchoma sikuweza hata kuitazama. King'ora cha gari kikilia, tumbo lilinifunguka, nikawa nakimbilia choo kabla ya kukimbilia gari. Nilishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Kazini nilisema ni malaria.

Jirani yangu mmoja kambini, mke wa askari, nilimdokezea kidogo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo uliyemwacha kule anatafuta nyumba, nyabo." Nilijua hakuna niliyemwacha. Tulihesabu watu, tulichakura majivu. Angekuwapo maiti ningemlilia, ningemwomba msamaha, ningepeleka maua. Nilikuwa naandamwa na mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Hata hivyo, baada ya maneno yale, nilianza kuweka kikombe cha maji kando ya ukuta ule. Nilijiambia ni cha kunywa mimi. Sikukinywa hata siku moja.

Jumapili moja mchana Ruth alikuwa amelala, amejifunika blanketi. Harufu ikaja kwa nguvu. Nikatazama, nikaona moshi unatoka kwenye blanketi la mwanangu. Niliuona, kama ninavyowaona ninyi. Nikachukua jerikeni nzima nikammwagia. Nikaanza kulipiga blanketi kwa mikono miwili, na mtoto yumo ndani. Jirani alinishika kwa nyuma. Blanketi halikuwa na hata alama. Ruth alikaa kitandani, maji yanamtiririka usoni, akanitazama kwa muda kabla ya kulia.

"Mama," akasema, "mimi siungui."

Mama yangu alikuja siku ya pili kumchukua. Alimfunga kanga, akambeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. "Utakapopona nitamleta," akaniambia. "Usipopona, siwezi kumleta. Unielewe, Penina. Sisemi kwa hasira." Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye maombi. Waliniwekea mikono, wakaniombea kwa machozi, na nasema kweli, nilipata amani ya saa moja. Sidharau saa ile. Lakini nikiwa njiani kurudi, lango la kambi likagonga.

Sasa nifike Kakoba, mtaa wa Mbarara, mahali nilipokaribia kufa.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Sikuwa zamu. Nilivaa gauni la kawaida, nikaenda sokoni kununua maharage. Nikapita mbele ya maduka, moja limefungwa kwa kufuli. Ndani ya lile, ngo, ngo, ngo. Na harufu ileile ya godoro. Nikajiambia, safari hii hakuna atakayenivuta. Kando palikuwa na fundi wa matairi. Nikanyakua mtaimbo wake, nikatia kwenye kufuli, nikavunja. Nikavuta mlango.

Ndani kulikuwa na mabeseni ya plastiki, yamepangwa rangi kwa rangi mpaka darini. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga. Hakuna moshi, hakuna mtu.

Nyuma yangu mtu akapiga kelele: "Mwizi!"

Mnajua neno hilo Kakoba linafanya nini. Vijana wa boda boda waliacha pikipiki zinanguruma. Jiwe la kwanza lilinipata sikioni. La pili mgongoni. Sikukimbia, wala sikusema mimi ni polisi. Niliwageukia, damu inashuka shingoni, nikawauliza, "Nyinyi hamsikii?" Mmoja wao, kijana mwenye koti la mvua, alirudi hatua nyuma. Nadhani aliona kitu machoni mwangu. Wengine walikuja.

Wasswa alikuwa anakunywa chai kibanda cha pili. Alinirukia, akanifunika kwa mwili wake, fimbo zikampata yeye. "Huyu polisi!" alikuwa analia. "Wacheni! Huyu mgonjwa! Mnaua mgonjwa!"

Mgonjwa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa neno hilo.

Sajenti Okello angeweza kunishtaki. Nilivunja duka la watu mchana kweupe. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye duka, akazungumza naye, na Wasswa na mgongo wake uliovimba akatengeneza ule mlango. Kisha Okello akaja kunitazama, nimefungwa bandeji kichwani. Alikaa kando ya kitanda changu.

"Kuna nesi," akasema. "Nesi ya polisi. Ameletwa sababu ya sisi, kutazama afya yetu. Wewe naenda kesho."

"Afande, mimi si..."

"Ni amri."

Huyo nesi ni Sista Imakuleta, anayeketi pale nyuma na hapendi nimtaje. Alinipima kifua. Akanipa bomba la kupuliza, la kupima pumzi, lenye kijishale. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote na kijishale kikafika nusu. Akaandika. Akauliza juu ya yale makohozi meusi, siku ngapi, kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kisha akasema, "Na lingine?"

"Hakuna lingine, Sista."

Akaweka kalamu mezani, akaningoja. Mimi ndiye niliyeanza. Nilisema harufu, nilisema mkojo kwenye viatu, nilisema blanketi, nilisema hata kikombe cha maji. Hakucheka wala hakupiga ishara ya msalaba.

"Sasa hivi anagonga?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Nyuma ya kabati lako."

Akainuka, akafungua milango yote miwili ya kabati, akaliacha wazi. Akarudi, akakaa. "Haya," akasema, "tuendelee."

Alinipeleka mwenyewe hospitali ya Mbarara. Walinipiga picha ya kifua. Daktari akanionyesha, akasema njia zangu za hewa ziliungua siku ile, na kwa sababu sikutibiwa zimebaki na hasira. Vumbi kidogo tu au moshi kidogo, zinajifunga. Nikapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Halafu Sista akaniambia kuna daktari wa pili, wa akili. Miguu ilikataa. Kambini mtu akipita tu kwenye lango la wodi ile anapewa jina kwa maisha yake yote. Sista akanishika mkono tukapita pamoja, na sare yake nyeupe.

Daktari yule alikuwa mwanamke, mpole, mwenye mafua. "Daktari, nina wazimu?" nilimuuliza kabla sijakaa.

"Una jeraha," akasema. "Sehemu moja ya ubongo wako bado imesimama nyuma ya lile duka na shoka mkononi. Haijaambiwa kwamba moto umezimika. Kazi yetu ni kuiambia, pole pole, mara nyingi."

Sitawadanganya, haikuwa rahisi. Vidonge vilinikausha mdomo na kuninenepesha. Wiki mbili za kwanza nilikuwa mbaya zaidi. Niliogopa watanifukuza kazi, lakini Okello alitia sahihi nikae chumba cha simu, nisipande gari mpaka Sista aseme. Kila Jumanne nilikwenda kwa Sista. Alinifanya nisimulie siku ile, mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka nikachoka nayo.

Mwezi wa tatu wa matibabu akasema, "Twende Misiera."

Tulikwenda mchana, mimi, yeye na Wasswa. Maduka yalishajengwa upya. Mwenye duka la magodoro alikuwa Mama Riziki, Mkongo wa Kivu Kusini, mwenye mwili mnene na sauti ndogo. Alinitazama, akanitambua.

"Wewe njo ule mama wa zimamoto mwenye alikatalaka kutoka?"

"Ndiyo mimi. Mama, nilisikia mtu anagonga ndani ya duka lako."

"Mu nduka hamukuwa mutu," akasema. "Mi mwenyewe nilifunga mulango. Batoto bangu bote balikuwa nami. Mule mulikuwa makopo ya tomate, mingi, nyuma kwa ukuta. Moto ikikamata makopo, inapasuka, inapiga bati."

Makopo. Tuliyachakura kwa majembe na sikuyafikiria. "Lakini lilinijibu, Mama. Niligonga, likajibu."

Mama Riziki hakushangaa. Alinivutia kiti. "Siye bote tulisikia," akasema. "Na kila mutu ilimujibu yake. Mi nilisikia basoda na bunduki yabo banagonga ku mulango ya kwetu Uvira, ile mwaka ya makumi tisa na sita. Mara tatu balipiga, njo bakaingia. Jirani yangu huyu alisikia mutoto wake mwenye alibakia ku njia. Njo maana tulinyamaza ile siku. Tulikuwa tunasikiliza batu betu."

Mamia ya watu, mbele ya moto mmoja, na kila mmoja anagongewa na wake.

"Na bado unasikia?" nilimuuliza.

"Mara mingi. Nikisikia, ninaita jirani. Tunaikala fasi moja, tunakunywa chai. Ile kintu haikamataka batu babili."

Nilirudi Mbarara nikidhani nimepona. Nimeshajua ni makopo, basi. Siku iliyofuata, saa saba mchana, nyuma ya kitanda changu, ngo, ngo, ngo. Nililia sana. Kisha nikafanya alivyosema yule mama. Nilimpigia Wasswa simu: "Kuja tunywe chai, tafadhali." Alikuja. Hakuuliza kitu. Tulikunywa chai tukisikiliza, mimi nikisikia, yeye hasikii, na kabla vikombe havijaisha hata mimi sikusikia tena.

Hivyo ndivyo ilivyoondoka, kidogo kidogo, kama mgeni asiyeaga. Kila siku ikawa mara moja kwa wiki, ikawa kwa mwezi. Harufu ilitangulia kuondoka. Siku zangu za mwezi zilirudi, nikacheka peke yangu chooni. Bado nasikia mara mojamoja wakati wa kiangazi, na sioni aibu kuwaambia. Nikisikia, nasema.

Mama alimrudisha Ruth kabla mwaka haujatimia. Siku ya kwanza hakutaka kulala mchana. Alikaa kitandani ananichunga. "Mama, leo unasikia harufu?"

"Leo hapana."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuambia ukweli wa kesho."

Alifikiri juu ya jibu hilo, akalala.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu aliyeweza kuninyima mtoto bila kuninyima upendo. Wasswa ana kovu mgongoni ambalo lingekuwa kaburi langu. Afande Okello, ulinivuta mkanda, nikakuchukia kwa miezi; nakushukuru mbele ya watu. Leo kituoni kwetu, baada ya moto mkubwa, tunakaa chini kwanza, wote, na hakuna anayekwenda nyumbani kabla kila mmoja hajasema alichoona. Tunapuliza lile bomba kila baada ya miezi michache. Vipumulio bado havitoshi, na nitaendelea kulisema hilo mpaka vitoshe.

Ndugu zangu, nyinyi mnaookota watu barabarani, mnaokata kamba za waliojinyonga, mnaoingia nyumba ambazo wengine wanazikimbia. Ukikohoa cheusi, usinywe dawa ya kikohozi ukanyamaza. Ukianza kuona au kusikia vitu ambavyo wenzako hawavioni wala hawavisikii, usiseme ni malaria. Mwambie mtu mmoja. Usingoje mpaka uvunje duka la watu.

Sista ana chumba cha pili kushoto, na leo yuko mpaka jioni. Anayetaka kwenda asinyooshe mkono. Ainuke tu taratibu, kama mtu anayekwenda msalani. Nami nitainuka nyuma yake.